Amri ya Ulinzi: Kinga ya Mahakama Dhidi ya Ukatili wa Mwenzi wa Ndoa



Katika mabaraza yetu ya usalama kuna swali linaloulizwa mara kwa mara, na huulizwa kwa uchungu: "Mtu aliyenipiga alikamatwa jana, leo amerudi nyumbani. Sasa polisi wamenisaidia nini?" Swali hilo ni la haki, nasi tunawajibika kulijibu kikamilifu. Kumkamata mtuhumiwa ni njia moja tu ambayo sheria imeiweka. Ipo njia ya pili, ambayo wengi hawaijui na wengine huijua baada ya madhara kutokea. Njia hiyo ni kuiomba mahakama amri ya ulinzi. Somo letu la leo linaeleza amri hiyo ni nini, huombwaje, hufanya kazi gani, na uwezo wake unakoma wapi kwetu sisi tunaoishi hatua chache kutoka nchi nyingine.

1. Kwa nini kukamatwa peke yake hakutoshi

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 23, inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita, ama aachiliwe. Tena, kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mtuhumiwa anaweza kupewa dhamana ya polisi au ya mahakama na kurudi mtaani wakati upelelezi ukiendelea. Hilo si lazima liwe ishara ya hongo wala upendeleo. Ni haki ambayo kila mmoja wetu angeitaka siku ambayo yeye mwenyewe angeshukiwa.

Lakini haki hiyo ya mtuhumiwa huacha pengo. Kesi ya jinai hutazama nyuma: nani alifanya nini, lini, na kwa ushahidi gani. Inaweza kuchukua miezi. Mwathiriwa naye ana haja ya kujua atalala wapi usiku wa leo. Amri ya ulinzi iliwekwa ili kuziba pengo hilo, kwa sababu yenyewe hutazama mbele. Kazi yake si kuadhibu yaliyopita, bali kumkataza mtu kufanya tendo fulani kuanzia sasa, na akilifanya awe ametenda kosa jipya. Mtu anaweza kuiomba hata kama hataki mwenzi wake afungwe, na hata kama hajaamua kuivunja ndoa. Jambo hili tunalisisitiza kwa kuwa watu wengi hukaa kimya wakidhani hawana ila mambo mawili: kuvumilia au kumpeleka mzazi wa watoto wao gerezani.

2. Sheria inamlinda nani, na dhidi ya nini

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010. Inakataza ukatili wa aina nne. Wa kwanza ni ukatili wa mwili: kupiga, kukaba, kuchoma, kumfungia mtu ndani. Wa pili ni ukatili wa kingono, yaani tendo lolote la namna hiyo linalomdhalilisha mtu, hata akiwa ndani ya ndoa. Wa tatu ni ukatili wa maneno na wa nafsi: matusi ya kila siku, vitisho vya kuua, kumwandama mtu kila aendako. Wa nne ni ukatili wa kiuchumi, ambao katika miji ya mpakani tunauona sana: mume anayechukua mtaji wa mkewe wa biashara ya nafaka au mitumba, mke anayeuza vyombo na mifugo ya nyumba ili kumkomoa mwenzake, au mwenye mapato anayeinyima familia chakula kwa makusudi.

Sheria hii haibagui jinsia. Mwanamume aliyepigwa au kutishwa na mkewe ana haki ileile, na hakuna afisa anayeruhusiwa kumcheka. Haiulizi pia kwanza cheti cha ndoa. Inawahusu waliooana, waliokuwa wameoana, wanaoishi au waliowahi kuishi nyumba moja, ndugu wa damu na wa ndoa, hata mtumishi wa nyumbani dhidi ya mwajiri wake.

Mwathiriwa kusemekana "alikubali" kutendewa ukatili si utetezi. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa majumbani anaweza kutozwa faini isiyozidi pointi 48 za fedha, ambazo ni shilingi 960,000 za Uganda, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe fidia aliyeumizwa.

3. Hatua za kuiomba amri

Hatua ya kwanza ni usalama. Ikiwa hatari ipo sasa hivi, toka na watoto wako uende penye watu, kisha piga simu 999. Mali hutafutwa tena, lakini uhai haurudi.

Hatua ya pili ni kuripoti. Fika kituo cha polisi kilicho karibu na uombe kuonana na Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Sheria inatuwajibisha kukueleza haki zako zote mbili: ya kufungua kesi ya jinai na ya kuomba amri ya ulinzi. Inatuwajibisha pia kukusaidia kupata mahali pa kujihifadhi na kukuelekeza kwenye matibabu. Ukipenda maelezo yako yaandikwe na afisa wa jinsia yako, sema. Huduma hii hailipiwi. Afisa akikwambia "hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkayamalize", muulize jina lake kwa adabu, kisha umwone mkuu wa kituo.

Hatua ya tatu ni kuhifadhi ushahidi. Ukiwa na majeraha, utapewa Fomu ya Polisi nambari 3 ili daktari aijaze, na kwa ukatili wa kingono ni nambari 3A. Nenda kwa daktari kabla ya kuoga na kubadili nguo ikiwa umetendewa ukatili wa kingono. Hifadhi ujumbe wa simu wenye vitisho na picha za majeraha. Andika tarehe za matukio, na majina ya majirani waliosikia. Kutokuwa na jeraha hakumnyimi mtu amri, kwa sababu kitisho pia ni ukatili.

Hatua ya nne ni kufika mahakamani. Mahakama yoyote ya hakimu ina mamlaka ya kutoa amri ya ulinzi, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri hadi Kampala. Maombi hufanywa na mwathiriwa mwenyewe au na mwakilishi wake. Mwombaji hueleza chini ya kiapo nini kimetendeka, lini, na kwa nini anaogopa kitatendeka tena. Si lazima uwe na wakili. Karani wa mahakama anaweza kukuonyesha fomu inayotakiwa, na taasisi kama Justice Centres Uganda na FIDA Uganda hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo. Eleza kweli tupu, usizidishe wala usipunguze. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai, na chumvi ndogo iliyotiwa katika habari ya kweli inaweza kuifanya yote ishukiwe.

4. Amri ya muda ya dharura

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kwa kawaida mahakama haiamui jambo kabla ya kuzisikiliza pande zote mbili. Lakini sheria imetambua kwamba kuna nyakati ambapo kumwita na kumsubiri upande wa pili ni kumpa nafasi ya kuua. Kwa hiyo hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi ya muda akiridhika na mambo mawili: kwamba upo ushahidi wa awali kuwa mlalamikiwa ametenda, anatenda au anatishia kutenda ukatili, na kwamba mwombaji huenda akadhurika ikiwa amri haitatolewa mara moja.

Kwa sababu hiyo, anayeomba kwa dharura asijaze maombi yake na historia ya miaka 15 ya ndoa pekee. Hakimu anataka kujua hatari ya sasa. Mathalani, tuchukue mfano wa kubuni wa mama muuza samaki huko Busia. Akiandika, "Mume wangu ni mkali tangu zamani", hakimu hana la kushika. Akiandika, "Jumapili usiku alinikaba shingo mbele ya watoto, Jumatatu alinitumia ujumbe kwamba nikirudi nyumbani atanimaliza, panga liko chini ya kitanda na anajua ninakolala", hakimu anaiona hatari, wakati wake na chombo chake. Kukabwa shingo, kutishiwa kuuawa, kuwepo kwa silaha, ukatili unaozidi wiki hadi wiki, na mwathiriwa kuwa mjamzito au kutaka kuondoka: hayo yote yatajwe waziwazi.

Amri ya muda haimaanishi kwamba mlalamikiwa amehukumiwa. Ataitwa, atapewa nafasi ya kujieleza, na baadaye mahakama itaamua kuithibitisha amri, kuibadili au kuifuta. Kwa hiyo mwombaji asikose kufika siku ile iliyopangwa. Wengi hupata amri ya muda, hupumua, kisha hawarudi mahakamani, na kinga yao huishia hapo bila wao kujua.

5. Amri inaweza kuagiza nini

Mahakama huipima amri kulingana na shida iliyopo. Inaweza kumkataza mlalamikiwa kutenda ukatili wowote au kumtuma mtu mwingine autende. Inaweza kumwagiza akae mbali na nyumba au sehemu ya nyumba, au asifike mahali pengine anapokuwepo mwathiriwa. Inaweza kutoa maagizo ya muda kuhusu malezi ya watoto na matunzo ya familia. Mwombaji aseme waziwazi anachokihitaji, maana hakimu hawezi kukisia. Anayefanya biashara sokoni aombe soko litajwe. Mwenye watoto wanaosoma aombe shule itajwe. Sisi wa mpakani tuna la ziada: ikiwa mwenzi wako ana jamaa ng'ambo na ametishia kuwahamisha watoto, omba amri iseme kwamba wasitolewe nchini bila idhini ya mahakama.

6. Baada ya kuipata

Amri iliyofungiwa sandukuni haimlindi mtu. Kwanza, hakikisha mlalamikiwa amekabidhiwa nakala yake kwa utaratibu wa mahakama, ili asije akasema hakuijua. Usimpelekee wewe mwenyewe. Pili, omba nakala zilizothibitishwa kwa muhuri. Moja ibaki nawe kila uendako, ya pili iwe kituo cha polisi, ya tatu kwa mwenyekiti wa LC 1. Kituo chenye nakala hakihitaji kuanza kuuliza upya wewe ni nani saa nane za usiku.

Tatu, kuivunja amri ni kosa linalojitegemea. Hata kama hajakugusa, akifika mahali alipokatazwa, ripoti siku hiyohiyo. Nne, aliyepata amri asiichezee. Usimwalike mtu uliyemwombea zuio aje kula nyumbani, kisha umwite mvunja amri. Mkitaka kupatana, rudini mahakamani muombe amri ibadilishwe au iondolewe. Aliyeitoa ndiye mwenye uwezo wa kuitengua.

7. Amri na mpaka wa nchi

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mamlaka ya mahakama hukoma penye mpaka wa nchi yake. Amri iliyotolewa na hakimu wa Tororo haimpi askari wa upande wa pili wa Malaba uwezo wa kumkamata mtu, wala afisa wetu hawezi kuvuka kumfuata aliyekimbilia huko. Nasi tunajua jinsi kuvuka kulivyo kwepesi kwa watu wenye ndugu, mashamba na masoko pande zote mbili. Basi zingatieni mambo matatu.

La kwanza: mlalamikiwa akivuka, amri haifi. Ikiwa muda wake haujaisha, inamsubiri. Siku atakaporudi, inamshika palepale. Mkisikia amerudi, tujulisheni.

La pili: ukivuka wewe kutafuta usalama, chukua nakala yenye muhuri, fomu ya daktari na vitambulisho vya watoto, kisha uombe kinga mpya huko ulikofika. Amri ya Uganda itakuwa sehemu ya ushahidi wako. Nchini Kenya ipo Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015, inayomwezesha hakimu kutoa amri ya muda na amri kamili ya ulinzi. Inataja kwa majina aina nyingi za ukatili, hata kumwandama mtu na kuingiliwa na wakwe. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na shauri la ndoa likiwa mbele yake, mahakama inaweza kumkataza mtu asimsumbue mwenzi wake. Ukivukia Mutukula, mlango wa kwanza ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

La tatu: msijichukulie sheria mkononi. Ndugu wanaovuka usiku kumfuata shemeji na mapanga huugeuza ukatili wa nyumba moja kuwa uadui wa vijiji viwili na nchi mbili. Leteni taarifa. Polisi wa pande mbili wana njia za kuwasiliana.

8. Hofu zinazowafunga watu midomo

Hofu ya kwanza ni mahari. "Nikimshtaki, wazazi wangu watadaiwa ng'ombe." Kwanza, kuomba amri ya ulinzi si kuomba talaka. Pili, tarehe 6 Agosti 2015, katika shauri lililofunguliwa na shirika la MIFUMI lenye asili yake hapa Tororo, Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba sharti la kurudisha mahari ili ndoa ya kimila ivunjike ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Kilichokatazwa ni kuifanya mnyororo wa kumfunga mtu katika ndoa.

Hofu ya pili ni wazee. Watu huuliza kama kwenda mahakamani ni kuwadharau. Hapana. Sheria yenyewe imezipa mahakama za halmashauri za kijiji nafasi ya kusikiliza malalamiko ya ukatili wa majumbani na kutoa maagizo kama onyo, kuomba radhi, ushauri nasaha, fidia na upatanisho. Lakini imezitaka pia zipeleke jambo kwa polisi na kwa hakimu pale mtenda anaporudia kosa, pale anapoelekea kumdhuru tena mwathiriwa, au pale ukali wa tendo unapostahili hivyo. Mzee mwenye busara hupima. Kupatanisha ugomvi wa maneno ni hekima. Kupatanisha jaribio la kuua kwa mbuzi na pombe ni kulifukia kaa la moto chini ya majani makavu.

Hofu ya tatu ni aibu. Tunasema kwa heshima zote: aibu ni ya anayepiga. Na majirani nao wasijifiche nyuma ya neno "ni yao wenyewe". Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na katika kazi hii ukuta tunaoitwa kuujenga mara nyingi ni kaburi la mama na malezi ya yatima.

Maswali ya kujadiliwa barazani

(a) Kuna tofauti gani kati ya kumkamata mtuhumiwa na kumwekea amri ya ulinzi?
(b) Mwombaji wa amri ya dharura aeleze mambo gani ili hakimu aione hatari ya sasa?
(c) Katika kijiji chetu, ni matukio gani ambayo mwenyekiti wa LC 1 hapaswi kuyamaliza mwenyewe?
(d) Mwenye amri akivuka mpaka, abebe nini na aanzie wapi?
(e) Jirani aliyesikia kilio usiku ana wajibu gani?

Simu za dharura

Uganda: polisi 999, mtoto aliye hatarini 116. Kenya: polisi 999; ukatili wa kijinsia 1195; mtoto aliye hatarini 116. Tanzania: polisi 112, mtoto aliye hatarini 116.

Tunawaomba viongozi wa vijiji, masoko, misikiti na makanisa walisome somo hili kwa sauti katika mikutano yao, kwa kuwa anayelihitaji zaidi huenda ndiye asiye na nafasi ya kulisoma nyumbani mwake.